DENI LETU KATIKA MADUKA YA VIJANA WA OGWEDHI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli wanaotoka sehemu za Migori na Homa Bay)



Kamati imetuagiza tuseme habari za biashara ya vijana wetu huko nyumbani Ogwedhi, na jinsi sisi wenye mshahara tunavyoweza kuwasaidia. Tulipoanza kuandika maneno haya tulidhani yatakuwa maneno ya kuwaonya vijana: wafanye bidii, waamke mapema, waache pombe. Tuliandika ukurasa mzima namna hiyo. Kisha mmoja wetu akaleta daftari, tukalisoma, na ule ukurasa tukautupa. Basi leo tutasema habari za daftari.

Wengi wenu mwaijua Ogwedhi, lakini wako wenzetu wa Rangwe na Ndhiwa ambao hawajafika. Ni soko la mpakani. Upande huu ni Kaunti ya Migori, na ukivuka tu umeingia Narok, nchi ya Transmara. Siku ya soko Mmasai huleta ng'ombe na mbuzi, Mjaluo na Mkuria huja na mahindi na maharagwe, na fedha hupita kutoka mkono huu kwenda mkono ule mpaka jua linashuka. Reli haifiki kule. Ilifika Kisumu mwaka 1901, ikasimama penye maji ya ziwa, nasi wana wa kusini tukawa watu wa kuifuata reli. Ndiyo sababu mshahara wetu hupatikana Nairobi, Nakuru na Kisumu, lakini nyumba zetu na wazee wetu na makaburi yetu yako kule.

Ogwedhi ya leo ina mitaa yake. Kuna vyumba vya kupanga, vinyozi, mafundi wa simu, kinu cha posho, washona nguo, vijana wa boda boda, na mafundi wa kuchomelea vyuma. Wengi wao ni watoto wetu na wadogo zetu. Baba zao waliandikwa reli. Wao hawakuandikwa, wala hawataandikwa. Ninyi wenyewe mwakumbuka reli ilipotolewa kwa kampuni ya binafsi mwaka 2006, jinsi wengi walivyopunguzwa kazi. Kwa hiyo kijana anapofungua kibanda cha mabati pale sokoni, msidhani anajifurahisha akingoja kazi. Kile kibanda ndicho kazi yenyewe.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Ulimwenguni, ILO, walikuja Kenya kutazama habari za kazi. Waliandika kwamba mafundi wadogo na wachuuzi wa mitaani si wazururaji, bali hufanya kazi yenye faida kwa nchi, na serikali ilikuwa ikiwasumbua badala ya kuwasaidia. Jina la jua kali limekuja kuwa jina la heshima tangu wakati ule. Sisi wa vyama vya wafanyakazi hupenda kuitaja ILO tunapodai haki yetu. Yafaa tuikumbuke pia tunapofika kwenye kibanda cha mtu mwingine.

Sasa tuseme habari ya madirisha.

Mmoja wetu (jina lake hamtalisikia, ila anasimama hapa mbele yenu) alikuwa akijenga nyumba kwao Ogwedhi. Alitaka madirisha 4 ya chuma. Fundi kijana wa pale sokoni, ambaye ni kama mtoto wa ndugu yake, alimwambia kila dirisha shilingi 6,500, jumla 26,000. Yeye akasema, "Hapana, Gikomba nitapata kwa 5,500." Akanunua Gikomba, 22,000, akajisifu kwamba ameokoa 4,000. Mkokoteni wa kuyafikisha kwenye basi ulikuwa shilingi 500. Basi lilitaka 2,000 mpaka Migori. Kutoka Migori hadi Ogwedhi gari dogo lilitaka 800. Hesabu ya shule ya misheni yatosha hapo: 3,300 zimekwisha kwenda, zimebaki 700.

Tena madirisha 2 yalifika yamepinda, kwa maana juu ya basi walikuwa wameyalalia magunia. Nani aliyeyanyosha? Yule yule kijana. Alileta mashine yake, akakata, akanyosha, akachomelea upya, kazi ya siku moja. Alitaka shilingi 1,200. Mwenye nyumba akasema, "Sawa, kijana wangu, nitakutumia mwisho wa mwezi." Mwezi ule ukaisha, na mwingine, na mwingine. Basi ile faida ya 700 ilitoka wapi? Ilitoka katika mfuko wa kijana. Kama angalilipwa haki yake, mwenye madirisha angaliona kwamba amepata hasara ya 500 kwa kuyabeba mbali namna ile.

Mtacheka, nasi tulicheka. Lakini tulipokwenda likizo tena tulikuta kibanda kimefungwa. Mashine ya kuchomelea alikuwa amekwisha iuza kwa mtu wa Awendo, kwa bei ya kutupa, na yeye sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Tulimwuliza, "Kwa nini umeacha kazi nzuri hivi?" Hakujibu neno. Aliingia nyumbani, akatuletea daftari.

Daftari lilikuwa na majina 19. Deni lote lilikuwa shilingi 31,400. Kijana alipoanza alikuwa na vyuma vya kama shilingi 35,000, mbali na mashine. Yaani karibu mali yake yote ilikuwa imetoka kibandani, imesimama katika nyumba za watu: hapa mlango, kule kitanda, pale grili ya dirisha. Na hao watu si maskini. Katika wale 19, watu 11 hupokea mshahara kila mwezi. Walimu wamo, askari wamo. Na 6 ni wanachama wa chama hiki. Sisi 6 peke yetu tulikuwa tunadaiwa 14,700.

Tulimwambia, "Mbona hukudai?" Akasema, "Nitamwambiaje baba mdogo, lipa? Mama atauliza nani amenilea."

Ndugu, hapa ndipo penye jambo. Mgeni akikopa kwa kijana, kijana atamfuata mpaka nyumbani kwake. Mmasai akinunua mlango wa boma lake, huhesabu noti, hubeba mlango, huenda zake. Vijana wa sokoni hupenda sana kumwuzia. Lakini sisi twaja na jina la ujamaa. Twaitwa baba mdogo, mjomba, shemeji, mzee wa reli. Twaamkiwa kwa heshima, twapewa kiti cha kukaa kibandani, twatumiwa soda, kisha twachukua mali kwa maneno matupu. Heshima ile imekuwa kama kibali cha kutolipa. Na yule kijana akithubutu kutukumbusha, twasema watoto wa siku hizi hawana adabu.

Sisi tunaogoma mshahara ukichelewa siku 10! Sisi tunaomwandikia mkubwa wa kazi barua kali kwamba mtu amefanya kazi, apewe ujira wake! Tumwambie nini kijana aliyengoja miezi 9?

Habari ya deni la dukani si ngeni kwa wafanyakazi wa ulimwengu. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, walikuwako watu wa kufuma nguo, maskini kabisa, ambao walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844. Wanachama wa kwanza walikuwa 28, na fedha yao ilikuwa pauni 28, waliyoikusanya kidogo kidogo kwa juma. Waliuza unga, siagi, sukari, na mishumaa. Wengi wetu tulifundishwa habari hii kwamba ndiyo mwanzo wa vyama vya ushirika, na kwamba faida waligawana kwa kadiri ya kila mtu alivyonunua. Jambo ambalo halitajwi sana ni hili: walikataa kukopesha. Fedha mkononi, mali mkononi. Walikuwa na sababu. Duka la ushirika lililotangulia katika mji huo huo, miaka ya 1830, lilikuwa limekufa kwa ajili ya mikopo. Na waliokopa hawakuwa maadui wa lile duka. Walikuwa wenyewe, majirani, wafanyakazi wenzao.

Kwetu Nyanza nako kuna habari. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, ambaye alikuwa mwalimu Maseno, aliandikisha kampuni iliyoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Alitaka Mjaluo ajifunze kuweka akiba na kufanya biashara, asiwe mtu wa kununua tu kwa wengine. Fedha aliitafuta wapi? Kwetu sisi, watu wa mshahara. Alizunguka miji ya Afrika ya Mashariki akiuza hisa kwa Wajaluo waliokuwa kazini, na watu wa reli walikuwa wengi katika miji hiyo. Kampuni ile ilijenga Ramogi House mjini Kisumu na kupiga chapa magazeti. Haikupata kuwa kampuni kubwa kama alivyotumaini, na yeye mwenyewe aliandika taabu zake katika kitabu chake Not Yet Uhuru cha mwaka 1967. Lakini angalieni: wazee wetu, wenye mshahara mdogo kuliko wetu, walitoa fedha taslimu kwanza, wakapewa hisa, wakangoja. Sisi twachukua mali kwanza, na kijana ndiye angoje.

Siku zile kulikuwa na sheria za kuzuia Mwafrika asikopeshwe; Tanganyika ilikuwa na sheria ya namna hiyo ya mwaka 1931. Walisema Mwafrika hajui kulipa. Wazee walichukizwa sana na neno hilo, na ilikuwa haki yao kuchukizwa. Tusiwape wale waliosema neno lile ushahidi baada ya wao kwenda zao.

Wengine kati yenu mtasema, serikali ina mikopo kwa vijana, waende huko. Ni kweli ipo. Mfuko wa vijana ulianzishwa mwaka 2006, Uwezo Fund mwaka 2013, na tarehe 30 Novemba 2022 ukaanzishwa Hustler Fund, ambao mtu huomba kwa simu yake. Ilipoanza, mtu mmoja aliweza kupata tangu shilingi 500 mpaka 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kuzirudisha katika siku 14. Riba hiyo si mbaya hata kidogo. Wakopeshaji wengine wa simu huchuna mtu ngozi. Lakini fanyeni hesabu pamoja nasi. Kijana akope leo, anunue vyuma leo, atengeneze mlango kwa siku 2. Mlango auchukue mtu wa reli, aseme mwisho wa mwezi. Siku 14 zikifika kijana atalipa kwa fedha gani? Atachukua mkopo wa simu mwingine kulipa ule wa kwanza. Mkopo wa serikali hauwezi kumfaa mtu ambaye jamaa zake wanakopa kwake bila siku ya kulipa.

Tena kuna ile amri ya mwaka 2013 kwamba asilimia 30 ya kazi za kununua vitu vya serikali ziwekwe kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni amri nzuri. Lakini magazeti yameandika mara nyingi habari za kaunti zinazochelewa kulipa madeni yake, na kijana mwenye vyuma vya 35,000 hawezi kungoja malipo ya serikali mwaka mzima. Mwenye nguvu ya kungoja ni tajiri. Hayo tutayasema siku nyingine.

Hatusemi kwamba vijana hawana makosa. Wanayo. Wako wanaochukua malipo ya kwanza, kisha ukipiga simu wamezima. Wako wanaosema kesho, na kesho yao haina tarehe. Kinyozi mmoja tunamjua, hufungua saa nne, saa sita amekwenda kutazama mpira. Na kama kitu cha Ogwedhi ni kibovu, usikinunue kwa huruma. Mwambie mwenyewe kwa nini hununui. Maneno hayo yatamfaa kuliko shilingi zako. Mlango wenye bawaba mbaya hautafungika vizuri kwa sababu uliuchukua kwa kijana wa nyumbani.

Kosa jingine ni letu, wazee wa reli, na tutalisema ingawa wengine watanung'unika. Mtu hustaafu, hupata fedha zake, hurudi Ogwedhi, hutazama ni biashara gani inaendelea vizuri. Anamwona kijana anauza vifaa vya umeme, wateja wanakuja. Basi naye hufungua duka la vifaa vya umeme, mlango wa pili, lenye rafu ndefu na rangi mpya, na kuuza kwa bei ya chini kwa kuwa ana fedha za kustaafu za kumwaga. Kijana hufunga kwa miezi 6. Mzee naye, ambaye hakuijua kazi ile, hufunga kwa mwaka 1. Sasa mtu wa Ogwedhi akitaka nyaya huzifuata Migori. Kama mzee angaliingia na yule kijana, yeye alete fedha na kijana alete ujuzi, wakaandikiana mapatano mbele ya watu, duka lile lingalikuwa linasimama.

Jambo la mwisho, na kwetu ndilo kubwa, ni habari ya Desemba. Sote twarudi nyumbani juma moja. Sote twataka mlango, kitanda, suruali ya mtoto, kochi, viatu, yote katika siku 10. Fundi hufanya kazi usiku na mchana, hukataa wengine, huharibu kazi kwa haraka, nasi twamlaumu. Tarehe 3 Januari sisi tumeondoka, na ada za shule zimekula kila kitu, na soko linakuwa kimya upande wa mafundi mpaka Desemba nyingine. Hakuna kazi inayoweza kuishi namna hiyo. Hata gari la moshi likipita mara moja kwa mwaka, stesheni itaota majani.

Kwa hiyo tumepatana hivi katika Kamati, na twaomba mkutano ukubali. Mtu anayetaka kitu cha Desemba akiagize mwezi wa Agosti au Septemba, atume nusu ya fedha kwa M-Pesa, na nusu ailipe siku ya kukipokea, kabla hakijapakiwa. Fundi aandike siku ya kumaliza, na siku hiyo ikipita bila sababu, mwenye fedha arudishiwe. Tumesema na mafundi 4 wa pale, nao wamekubali. Mmoja alituuliza kama tunasema kweli, maana tumewahi kusema.

Ndugu mmoja alitaka tufanye harambee, tumnunulie yule kijana wa madirisha mashine mpya, tumpelekee kwa hotuba na picha. Tulimkatalia kwa upole. Kijana hataki zawadi yetu. Zile 14,700 ni zake. Tukimpa zawadi kabla ya kulipa deni, tutakuwa tumemwibia kwa mkono mmoja na kupigiwa makofi kwa mkono wa pili. Alipwe kwanza. Baada ya hapo, kama kundi letu la akiba litapenda kumkopesha za kurudisha mashine, na tukubaliane naye siku za kulipa zinazolingana na kazi yake, si siku 14, tutalipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kundi kwa utaratibu wake.

Majina hatutayasoma hapa. Hatukuja kumwaibisha mtu mbele ya mkewe. Kila mmoja katika wale 6 anajijua, na namba ya simu ya kijana anayo, kwa maana ndiyo aliyoitumia kuagiza mlango. Baada ya mkutano daftari litakuwa mezani kwa karani, limefungwa. Mtu akitaka kuhakikisha deni lake atafunguliwa ukurasa wake peke yake. Tumeomba malipo yawe yamekwisha mshahara wa mwezi huu ukitoka. Tayari ukurasa mmoja umepigwa mstari: zile shilingi 1,200 za kunyosha madirisha zilitumwa jana jioni. Kijana alipiga simu usiku kuuliza kama tumekosea namba.